Nyumba Isiyorudisha Watu Kwao

Utotoni mwangu nilikuwa na jirani mmoja tu, na jirani huyo alikuwa nyumba tupu.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa vitenge huko Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda. Leo alilala upande huu, kesho upande ule, na maisha ya namna hiyo hayana nafasi ya mtoto. Aliniacha kwa nyanya yangu, ambaye sisi sote tulimwita Koko, juu ya kilima kirefu upande wa Lubero. Ukitoka Butembo kwa pikipiki, njia inapanda katikati ya mikalitusi, na kadiri unavyopanda ndivyo ukungu unavyokukaribia. Mwisho wa njia hiyo palikuwa na nyumba yetu ya udongo, mashamba ya viazi ya Koko, na ng'ambo ya ua wa miti ya misipre, ile nyumba nyingine.

Watu waliiita Nyumba ya Mzungu. Ilijengwa na mkoloni mmoja aliyelimisha pareto mlimani hapo, akaondoka wakati wa uhuru na asirudi. Ilikuwa ya matofali mekundu, na baraza pana, sakafu ya mbao, na dohani refu, maana Wazungu nao walisikia baridi ya kule. Nyumba nyingi za namna hiyo katika milima yetu zilikwisha kubomolewa: huyu kachukua mlango, yule mabati, mwingine matofali ya kujengea jiko lake. Hiyo ya kwetu ilibaki nzima. Hakuna mtu aliyeng'oa hata msumari, na haikuwa kwa sababu ya uaminifu. Watu waliogopa.

Koko ndiye aliyenifundisha kuogopa. Jioni tulipokuwa tukichambua maharagwe karibu na moto, alikuwa akiniambia, "Masika, mujukuu wangu, ucheze popote. Lakini mule usiingie. Mutu mwenye analala mule, hatarudia kwabo tena."

"Nani anamuzuia?"

"Nyumba. Inakamata batu."

Nami sikuthubutu kuuliza zaidi, kwa sababu alipozungumza juu ya nyumba hiyo uso wake ulifungwa kama mlango.

Kwa ajili ya hofu hiyo watoto wa kijiji hawakuja kwetu. Tulitembea pamoja kutoka shuleni hadi mahali njia inapogawanyika, kisha wao walishuka bondeni wakicheka, mimi nikapanda peke yangu. Nilijizoeza kuzungumza na kuku. Nilijizoeza pia kukaa kwenye jiwe karibu na ua, nikitazama madirisha yasiyo na vioo, nikijiuliza kama nyumba nayo inajisikia upweke. Sasa mimi ni mtu mzima na ninajua maswali ya namna hiyo huja kwa mtoto anayejiuliza juu ya nafsi yake mwenyewe. Wakati ule sikulijua hilo.

Kisha vita vilizidi upande wa Beni, na watu wakaanza kupanda milima wakiwa na magodoro vichwani. Wengine walipokelewa na ndugu zao Butembo. Wasio na ndugu waliendelea kutembea. Siku moja ya mvua, kapita, msimamizi wa kijiji chetu, alikuja kwetu akifuatana na mwanamume, mwanamke, na msichana wa rika langu aliyejifunika gunia. Walitoka Mabalako, kwenye joto, kwenye mashamba ya kakao. Msichana alitetemeka hata meno yakagongana.

"Koko," kapita alisema, "nyumba za bakristu zote zimejaa. Nitabalalisha hapa kwa Muzungu. Nimekuja kukuambia tu, juu wewe ni jirani."

Koko alisimama mlangoni. "Hapana. Hapo hapana. Ubatafutie fasi ingine."

"Fasi gani? Lakini mvua inanyesha, Koko. Ile nyumba iko na mabati."

Koko akamgeukia yule mwanamume. Alimwambia maneno yale yale aliyokuwa akiniambia mimi, polepole, kana kwamba anamhurumia. Mwanamume alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na uso mpole, uliochoka, na matope hadi magotini.

"Aksanti, mama," alisema. "Lakini kule kwetu, nyumba yetu balishaichoma. Batoto ya jirani tuliizika njiani. Sisi tulishaonana na kitu ya kuogopesha. Nyumba ya matofali haituogopeshe."

Wakaingia. Nami kutoka kwenye jiwe langu nikaona, kwa mara ya kwanza maishani, taa ikiwaka katika dirisha la jirani.

Msichana aliitwa Kavira. Kesho yake alisimama upande wa pili wa ua, amejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya baridi, akanitazama kwa muda mrefu.

"Hapa jua linatokaka saa ngapi?" aliuliza.

"Siku zingine halitokake."

"Na munaishi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa akiuliza kweli. Lakini tangu siku hiyo tulikuwa pamoja. Nilimfundisha kutembea kwenye utelezi wa mlima bila kuanguka. Yeye alinisimulia namna kakao inavyopasuliwa, na ule utamu mweupe unaozunguka mbegu, ambao watoto wa kwao hufyonza mchana kutwa. Hakuwa amekanyaga nchi ya baridi kabla ya hapo. Kila alipozungumza, kila jambo lilianza na "kule kwetu": kule kwetu tunalala bila bulangeti, kule kwetu ndizi ni tamu kuliko hizi. Nilimsikiliza kwa wivu. Mimi sikuwa na mahali pa kuita namna hiyo. Hapa ndipo palikuwa kwetu, na palikuwa na kuku na Koko tu.

Sikuingia katika nyumba ile. Tulicheza shambani, tulikaa ukingoni mwa baraza, lakini kizingiti sikukivuka. Koko naye alikuwa akipeleka viazi na mboga za lenga-lenga kwa Mama Kavira, akaviweka barazani, akaita, akarudi kabla hajaitikiwa. Nadhani aliwapenda. Aliwapenda na akawaogopea, na hakujua la kufanya na mambo hayo mawili kwa pamoja.

Msimu wa kakao ulipofika, habari zikaja kwamba upande wa Mabalako pametulia. Papa Kavira, baba wa rafiki yangu, hakulala vizuri tena. Alizunguka barazani, akatazama chini kule ambako ukungu ukifunguka unaona nchi tambarare, ya buluu, mbali sana. Asubuhi moja alikuja kumuaga Koko.

"Ninaenda kuangalia kakao yangu. Nikikuta kunatulia, nitakuja kubakamata Mama Kavira na mutoto."

Koko alimshika mkono, hakuuachia. "Ungoje kidogo, mutoto wangu."

"Kakao haingojake, Koko. Inaoza ku muti."

Akashuka na njia. Kavira alimfuata hadi njia inapogawanyika, akarudi akiruka-ruka, akaniambia kwamba kabla ya Noeli watakuwa nyumbani, na kwamba nitakuja kumtembelea, nami nitafyonza kakao hadi tumbo liume.

Papa Kavira hakufika. Mwendesha pikipiki aliyetoka Beni ndiye aliyeleta habari. Watu wenye silaha walikuwa wamevizia njia. Aliuawa pamoja na wenzake kabla hata ya kuona shamba lake, wakazikwa pale pale na vijana waliopita nyuma yao.

Kijiji kizima kilisema jambo moja: Koko alionya. Nyumba imemkamata. Na kwa sababu hiyo, kilio cha Papa Kavira kilikuwa kilio cha ajabu kuliko vyote nilivyopata kuona. Kwetu mtu akifiwa, nyumba hujaa. Wanawake huja na sufuria, wanaume huwasha moto uani, watu hulala chini kwenye mikeka hadi huzuni ichoke. Lakini kwa Mama Kavira watu walifika mwanzo wa ua wa misipre, wakaweka chini kuni na maharagwe, wakafanya ishara ya msalaba, wakarudi. Katekista alisoma sala akiwa amesimama mvuani. Ndani ya nyumba ile kubwa mwanamke mmoja alilia, na sauti yake ikazunguka vyumba vitupu ikamrudia mwenyewe.

Koko alikaa mlangoni mwetu, mkono shavuni. Sijui alikaa muda gani. Mwishowe alisema, "Sikutaka ikuwe kweli."

Akainuka. Akakunja mkeka wake, akachukua bulangeti lake na langu, akatia kaa la moto kwenye chungu.

"Koko, tunaenda wapi?"

"Ku kilio."

"Na ile wewe ulisemaka?"

Alinitazama. "Mimi niko kwetu tayari, Masika. Itanizuia kurudia wapi?"

Tulipita kwenye ua mchana kweupe. Aliingia kwanza yeye, akanyoosha mkono nyuma, nikaushika, nikavuka kizingiti. Ndani palinukia mbao zilizolowa. Mama Kavira alikuwa chini ukutani, Kavira amelala mapajani mwake, macho wazi. Koko alipiga magoti mbele ya jiko la ukutani, chini ya dohani, akapanga kuni za majirani, akawasha. Kisha akaketi karibu na mfiwa hadi mabega yakagusana.

"Ni mimi," Mama Kavira alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Ulitukataza. Ni mimi nilisema tulale humu, juu mutoto alikuwa anatetemeka. Ni mimi nimemuua."

Nilimwona Koko akifumba macho. Kisha akaanza kusimulia jambo ambalo hakuwa amewahi kumsimulia mtu, walau si mimi.

"Baba yangu alilala humu," alisema. "Hata mabati haikukuwa bado. Yule Muzungu alitoa batu kule chini, kwenye joto, kwenu kule, akabaleta kwa nguvu bamujengee. Banatengeneza matofali, jioni banalala hapa katikati ya kuta, bila moto, bila bulangeti. Baridi inabaingia mu kifua. Bengi balikufa. Bako pale chini ya mikalitusi, hakuna hata musalaba. Baba yangu alipona, akaoa hapa, akanizaa. Kila mavuno alisema, tukimaliza kuvuna, ninarudia kwetu. Kila mavuno. Akakufa nikingali mudogo, na kifua ile ile."

Akamshika Mama Kavira uso kwa mikono yote miwili.

"Sikia. Si nyumba ilimukamata baba yangu. Ni baridi, na ule mutu mwenye alimuleta. Na bwana yako, ni batu benye bunduki. Mama yangu alinifundisha kuogopa nyumba, na mimi nikafundisha bengine, juu kweli yenyewe ilikuwa ngumu kuisema. Wewe ulimufunika mutoto mvua. Basi. Hakuna kitu ingine ulifanya."

Mama Kavira akalia upya, lakini kilikuwa kilio kingine, chenye pumzi. Tulilala hapo, wanne, mbele ya moto. Nasikia kijijini watu walitoka nje kuangalia moshi ukitoka katika dohani lile, jambo ambalo hata wazee walikuwa wamelisahau. Kesho yake mke wa katekista alivuka ua akiwa na sufuria ya maharagwe. Yeye peke yake. Wengine hawakuja.

Baada ya muda Mama Kavira alipata shangazi Butembo, karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda. Wakaondoka. Kavira hakulia, wala mimi. Alinipa kile kitambaa chake cha kichwani, akasema, "Wewe ndiyo unabaki ku baridi." Nilisikia baadaye kwamba kutoka Butembo walivuka Kasindi, wakaingia Uganda. Mama yangu aliwatafuta mpakani kwa niaba yangu. Watu wengi hupita pale.

Niliendelea na upweke wangu, lakini sasa ulikuwa na jina la mtu, na upweke wenye jina huuma zaidi.

Koko alifariki nilipokuwa masomoni mjini. Shamba likauzwa na wajomba, nyumba yetu ya udongo ikarudi udongoni. Mimi nikawa mwalimu Butembo. Kilima kile si mbali, ungeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, lakini miaka ilipita sikwenda. Ningemwendea nani?

Mwaka huu nikasikia kwamba Nyumba ya Mzungu imetengenezwa, kwamba vijana wa pale pamoja na serikali ya territoire, yaani ya wilaya, wameitangaza kuwa jengo la historia la kulindwa. Nikapanda pikipiki. Ni kweli, imependeza. Madirisha yana vioo, matofali yameoshwa. Kijana mwenye kutunza alinipokea kwa heshima.

"Karibu, mama. Munatoka wapi?"

"Butembo," nikasema.

Akanizungusha chumba kwa chumba. Alijua habari za pareto, za mbao za sakafu, za mwenye nyumba na mke wake. Nilipouliza juu ya wale walioijenga, alitikisa kichwa: habari zao hazikupatikana. Kisha akanisimulia, akitabasamu kidogo, kwamba zamani watu wa hapa waliamini nyumba hii inakamata watu, na kwamba imani hiyo ya bure ndiyo iliyoiokoa isibomolewe.

Haikuwa ya bure, nilimwambia. Nikamsimulia aliyoyasimulia Koko mbele ya moto. Wafu wale hawakuandikwa popote. Watu waliobaki walichukua kifo chao, wakakifanya tishio la kumwambia mtoto jioni, na tishio hilo ndilo lililowakumbuka, hata pale ambapo waliolisema hawakujua tena wanamkumbuka nani. Kijana aliacha kutabasamu. Aliniomba jina la baba yake Koko, nikamtajia. Aliniomba nimwonyeshe mahali chini ya mikalitusi, tukashuka, tukasimama. Hapakuwa na cha kuona ila majani makavu.

"Basi mama," akasema polepole, "munasema Butembo, lakini nyinyi ni mutu wa hapa."

Nilitazama juu, mahali ilipokuwa nyumba yetu. Mtu nisiyemjua alikuwa akipanda viazi pale. Aliinua kichwa, akanipungia mkono kama mtu anavyompungia mgeni.

"Nililala mule ndani mara moja," nikamjibu.