Mashine Iliyoamkiwa Kila Asubuhi

Fundi wa Nshamba amefariki. Nilizipata habari nikiwa sokoni Bukoba, kwa muuza ndizi wa Buganguzi ambaye hakuanza hata na salamu. "Yule mzee wako wa mistari tumeshamzika," alisema, akaendelea kupanga mikungu yake. Mimi sikai mahali pamoja, na namba yangu ya simu hubadilika kama vyumba ninavyopanga, kwa hiyo sishangai kwamba hakuna aliyenipata mapema. Lakini nilisimama pale muda mrefu, watu wakinipita na vikapu, nikitafuta mtu wa kumwambia kwamba nimefiwa. Sikumpata. Huyu hakuwa ndugu yangu, na kwa mtu asiyejua kazi yake, ningeanzia wapi?

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba niliacha shule mapema na kwamba nikiona kitu kimefunguliwa, siwezi kukipita. Ndivyo nilivyoingia dukani kwake mara ya kwanza, nikiwa nimeshuka kwenye lori la kahawa. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya zamani, ile nzito ya kijivu, na pembeni yake kisanduku kilichounganishwa nayo kwenye tundu la printa. Kisanduku hicho ni oskiloskopu: unagusisha waya wa kupimia kwenye saketi, na umeme usioonekana unajichora kwenye skrini kama mstari unaopanda na kushuka. Siku hiyo mchuuzi wa samaki kutoka visiwani alikuwa ameleta inveta ya sola iliyokuwa ikiunguza taa zake. Alimtazama fundi akikodolea macho skrini, uvumilivu ukamwishia. "Mzee, unatengeneza au unatazama televisheni?" Fundi akamsogezea kisahani cha kahawa za kutafuna. "Natazama. Tamthilia yenyewe ni moja tu, lakini leo mhusika anakohoa. Ona hapo." Kweli, mstari ulikuwa ukipanda vizuri halafu unakatika kileleni, kila mara mahali palepale. Mchuuzi alitafuna kahawa, akainama, na kabla ya kuondoka alikuwa akituonyesha sisi kwa kidole panapokatika.

Vijana wa mjini, waliomwita Ta kwa heshima, walimshauri aitupe ile mashine. "Ta, nunua ya kisasa, inakaa mkononi kama simu." Hakuwabishia, na alizipenda hizo za mkononi, aliwahi kuazima moja, akaisifu. Ila yeye alikuwa mtu wa kuongezea. Diski ilipoanza kulia, aliweka kadi ya kumbukumbu mahali pake. Kapasita zilizovimba alizitoa, akaweka nzima. Feni aliitoa kwenye kompyuta nyingine iliyokufa, na mimi ndiye niliyeibeba kutoka Bukoba, nimeipakata kama yai. Programu yenyewe na lile tundu la printa hakuvibadilisha, maana kompyuta za leo hazina tundu hilo, na programu ile haizungumzi na tundu jingine. Nilimuuliza anajuaje pa kuacha. "Ukibadilisha kila kitu," alisema, "utakuwa umenunua mpya bila kujua."

Na kila asubuhi, kabla ya kumgusa mteja yeyote, aliiamkia. Neno hilo ni lake. Kisanduku kina kijipini kinachotoa umeme wa majaribio ambao, mambo yakiwa sawa, unachora miraba iliyonyooka kwenye skrini. Alikuwa akinasisha waya wa kupimia hapo, anachukua bisibisi ndogo na kuzungusha skrubu iliyo kwenye waya mpaka kona za miraba zikae. "Waitu kasinge," aliiambia mashine, kama tunavyosalimia wakubwa. Nilicheka. "Cheka," alisema, "lakini mzee usiyemwamkia hakupi habari za kweli." Kwa unyevu wa huku kwetu na kutu yake, alikuwa sahihi: kona zilizolala hukufanya uone ugonjwa usiokuwepo. Baadaye akaanza kuniachia mimi bisibisi, yeye anasimama nyuma yangu. "Bado. Bado. Hapo." Nimefanya kazi sehemu nyingi, lakini sikumbuki neno jingine lililonipa utulivu kama lile "hapo."

Nilifika nyumbani kwake matanga yakiwa yameanuliwa. Mjane wake alinipokea, akaniambia kwamba shemeji yake anataka chumba cha duka aweke kahawa, na mashine ataichukua mtu wa vyuma chakavu kesho yake, kwa kuwa haifanyi kazi tena. Nikauliza imekuwaje. Majirani, kwa moyo mwema kabisa, walikuwa wamechomoa betri ya sola dukani ili waombolezaji wapate mwanga. Hawakujua kwamba kibetri cha ndani, kile cha saa, kilikufa zamani, na kwamba tangu hapo marehemu hakuikatia tena kompyuta umeme kwa sababu ikikatiwa inasahau kila kitu. Sasa ilikuwa ikiwaka, lakini programu inadai haioni kisanduku chochote.

Mama yule akasema, "Ikiamka, itabaki. Isipoamka, mwanangu, nitasema nini mbele ya shemeji?"

Niliingia dukani, nikakaa kwenye kigoda cha marehemu. Kompyuta iliniuliza tarehe kama mgonjwa aliyezinduka. Nikaijibu. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya tundu la printa, ambayo hakuwahi kunifundisha ila niliwahi kumwona akiigusa. Chaguo la kwanza likagoma. La pili likagoma. La tatu likaleta mstari mlalo, kimya, katikati ya skrini. Nikanasisha waya kwenye kijipini, miraba ikaja, kona zake zimelala. Nikachukua bisibisi. Nilizungusha, nikasubiri, nikazungusha tena, na ndipo nilipotambua kwamba nasubiri kuambiwa "hapo." Kona zilikuwa zimekaa kitambo, na mimi bado nazungusha skrubu.

"Imeamka?" mama aliuliza mlangoni.

"Imeamka, mama."

Aliitazama miraba ile bila kuielewa. "Haya. Na wewe usiyekaa, nani atakuwa anaiamkia?"

Nimepanga chumba nyuma ya duka hilo. Kibetri kipya nimekiweka, na betri ya sola imerudi mahali pake. Watu hunisifu kwamba nimeiokoa mashine, lakini kuiokoa ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Kuitunza ni hii ya kufungua mlango asubuhi, kusema waitu kasinge kwenye chumba kisicho na mtu, na kuamua peke yangu kwamba kona zimekaa.