Nilimshona mwanamke kwa vipimo vya mteja wetu, akajitambua

Wakuu, asalaam aleikum, na nyinyi wa huko bara habari zenu.

Hii ilinitokea mimi mwenyewe hapa Garissa. Majina nimegeuza, mengine yote nimeacha vile yalivyokuwa, hata mahali ninapoonekana mjinga. Nikiandika kirefu mnivumilie. Shule niliishia form two, ila mdomo ulienda mpaka chuo kikuu.

Nashona na eeddo Habiba, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Duka ni dogo, cherehani mbili na sanamu moja ya kuvalisha nguo mlangoni.

Sanamu haina kichwa. Maduka mengi huku hukitoa, kwa sababu dini haipendi umbo lenye sura. Kwa hivyo mwanamke wetu wa plastiki anaishia shingoni.

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha chai. Wanaume hukaa pale wakitazama mlango wetu kama televisheni. Siku moja nilimvalisha sanamu dirac mpya ya waridi, lile gauni letu jepesi la harusi. Mmoja wao, Bare, akasema kwa sauti:

"Huyu ndiye mke sasa. Kiuno kipo, mdomo hakuna."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi pia nilicheka kidogo, siwafichi. Halafu nikarudi kwenye cherehani, na yale maneno yakanifuata.

Sasa wakuu, mimi nina ndoto. Nataka kuwa msanii wa vitambaa. Si fundi tu, msanii, mtu anashona kitu ambacho hakivaliwi, kinatundikwa ukutani na watu wanasimama kukitazama. Mabaki ya vitambaa nimeweka tangu nikiwa mdogo, eeddo husema chumba changu ni jaa la waridi.

Mwalimu Mueni ndiye aliniambia kuna maonyesho ya sanaa ya vijana kwenye ukumbi hapa mjini. Huyu ni mwalimu kutoka Kitui, mteja wetu. (Siku ya kwanza alipokuja, eeddo alimwambia "ngoja nilete basi", akatoka nje kuangalia gari. Kumbe ni pasi. Sisi p inatushinda. Mpaka leo akiingia anauliza basi imepoa.)

Basi nikaanza kazi, na hii basi ni ile ya kawaida.

Nilifungua gunia la mchele, nikalinyoosha. Juu yake nikashona mwanamke mzima kwa vipande vya dirac. Ngozi nikapaka hina. Mbavu nikatengeneza kwa tepu ya kupimia iliyochakaa, nikaikata kata. Kichwa sikuweka, nikamwiga yule wa mlangoni. Nilitaka watu wakimtazama waone vile wanaume wa chai wanatuona, vipande vipande.

Lakini nikaona bado kuna kitu kimepungua. Nikafikiria namba. Mwanamke akiwa namba tu, si ndiyo maana yenyewe?

Nikafungua daftari letu la vipimo, nikachagua ukurasa mmoja. Kwa uzi mwekundu nikashona kifua 42, kiuno 36, nyonga 47. Na kwenye bega la kushoto nikashona maneno yaliyoandikwa pale: "inchi moja chini". Niliyapenda sana hayo maneno. Yalikuwa kama shairi.

Jina sikuandika, nikajua niko salama.

Siku mbili kabla ya maonyesho nikaitundika dukani nione wanawake watasema nini. Walikuwa wawili, wakafurahi sana. Mmoja akachukua tepu akajizungushia kiunoni.

"Si mimi," akasema. "Mimi hii niliiacha nikiwa na mtoto wa kwanza."

"Basi ni nani? Nyonga kama hizi Garissa nzima haziko nyingi."

Wakaanza kutaja majina. Huyu hapana, yule labda. Na mimi nacheka nao, najiona msanii.

Mama Ikran akaingia katikati ya hiyo kicheko. Huyu ni mama anauza maziwa ya ngamia sokoni, mteja wa eeddo wa miaka mingi. Alikuja kuuliza gauni yake kama imekatwa. Akasimama. Akasoma namba. Akafika kwenye bega.

Alipandisha shungi yake upande wa kushoto, akachukua kitambaa chake kwenye rafu, akaondoka.

Wale wawili wakatazamana. Walikuwa wameshajua.

Eeddo alingoja mpaka walipotoka. Sisi nyumbani ni Kisomali, nawawekea kwa Kiswahili.

"Lile bega," akasema, "miaka yote nalijaza sponji ndani ya gauni lionekane sawa na lingine, hata dada zake hawajui. Wewe umelitundika ukutani."

"Eeddo, sikuandika jina."

"Ulihitaji jina?"

Nikalishusha gunia ukutani.

Akaivua tepu shingoni mwangu. "Mpaka Mama Ikran arudi hapa kwa miguu yake, hutapima mtu katika duka hili."

Wakuu, fundi asiyepima ni mtu wa kukata nyuzi tu. Lakini hilo halikuniuma kama ile mkono wake kwenye shungi.

Asubuhi nilikunja gunia langu nikaenda sokoni. Mama Ikran alikuwa amekaa nyuma ya madumu yake ya maziwa. Nikamwekea gunia miguuni na wembe juu yake.

"Habaryar, mama mdogo, ukitaka kukata, kata. Ukitaka kuchoma, nitaleta kiberiti mwenyewe."

"Kaa chini, unanizibia wateja."

Akapimia mtu maziwa kwanza. Halafu akalifungua gunia mapajani, akaanza kufumua namba, moja moja, polepole kama mtu anatoa miiba. 42 ikaenda. 36. 47. Yalibaki matundu madogo madogo.

Alipofika kwenye bega, wembe ukasimama.

"Hii najua ilitoka wapi," akasema. "Nilikuwa nabeba dumu la maziwa upande huu kutoka malishoni mpaka soko la Balambala, tangu niko msichana. Watoto wangu wamesoma juu ya hili bega." Akakunja wembe ndani ya karatasi. "Iache. Wameshaiona. Lakini uandike dumu, usiandike inchi."

Nikalia pale pale mbele ya maziwa, ndivyo nilivyo.

Akaniangalia kama mtu amechoka. "Na kichwa?"

"Sikuweka. Nilimwiga sanamu wa—"

"Bare anasema mwanamke hana mdomo, na wewe ukaona heri umtoe kichwa chote."

Kumbe utani wa Bare ulishafika mpaka sokoni. Mama muuza samli wa pembeni alicheka mpaka akashika ubavu.

Nikarudi nyumbani nikatoa zile maneno ya inchi, nikashona dumu la njano begani. Kichwa nikakishona, nikakizungushia shashi, kitambaa cha kichwani cha wake za watu. Sura sikuweka, dini yangu naijua, lakini kichwa kilikuwa kikubwa na kizito, kimeinuka.

Kwenye ukumbi gunia lilitundikwa vizuri. Bare alikuja pia, akainama akatazama yale matundu.

"Hapa panya amekula?"

"Palikuwa na namba. Mwenyewe amezitoa."

Akaangalia juu, kichwani. "Mbona kama ananitazama na hana macho?" Akasogea kwa picha ya ngamia.

Nilirudi dukani nikiwa na furaha nusu. Wiki tatu nikakata nyuzi.

Halafu asubuhi moja Mama Ikran akaingia na kile kitambaa chake kwapani. Akapita cherehani ya eeddo, akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono pembeni vile mtu husimama kupimwa.

Eeddo alinirushia tepu bila kuinua macho.

Nikapima kifua. Nikashika kalamu. Mama Ikran akaitazama kalamu tu. Nikaiweka chini, nikapima yote mpaka begani, nikayaweka kichwani mwangu. Mpaka leo yako hapo, na hapo ndipo yatakaa.

Nilichojifunza, wakuu: nilitaka kuwaumbua wanaume wa chai, kumbe nilikuwa nafanya kama wao, tofauti mimi nilikuwa na uzi. Bado nitakuwa msanii, hilo msitie shaka, gunia la pili limeshaanza. Ila sasa namuuliza mwenye mwili kwanza.

Mafundi mlio humu, vipimo vya wateja mnaviweka wapi? Na dada zangu, kama fundi alishawahi kukutangaza, mwaga hapa. Jina hatutauliza.