Nilimwambia Alhamisi

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, na kama kuna mtu aliyekuwa akiihesabia siku ya kufunga skuli ifike, basi ni mie. Si kwa kuchoka masomo, la hasha. Nilitaka nimwone mama yangu akinyanyuka kwenye benchi la wazee kwa ajili yangu, mie peke yangu, na yule mwengine abaki pale mbele hana mtu nyuma yake. Naam, nimesema. Wivu wangu siuvishi nguo.

Skuli yetu hapa Kiuyu ilikuwa na ada yake. Siku ya kufunga, mwalimu mkuu husoma watatu wa mwanzo wa kila darasa, akianzia wa tatu kwenda wa kwanza. Ukiitwa unakwenda mbele, na mzazi wako ananyanyuka alipokaa, anapita kati ya watu wote, anakuja kusimama nyuma yako na kukuwekea mkono begani. Hapo ndipo vigelegele vinapopigwa. Sisi wanafunzi tukiita kusimamiwa. Zawadi yenyewe ilikuwa madaftari manne na kalamu, na wala hakuna aliyeyajali madaftari. Watu walikuwa wakitazama nani kasimamiwa na nani hakusimamiwa. Ukiitwa ukakosa mtu, mwalimu hukohoa kidogo, akaendelea na darasa jengine, na kina mama wakakutazama kwa huruma. Huruma ya kina mama wa kwetu, bora upigwe kofi.

Baba yangu alikuwa mpishi kwenye hoteli Unguja, tukimwona sikukuu kwa sikukuu. Kwa hivyo mtu wangu wa kunisimamia alikuwa mama, na mama si mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake ni kukwambia kula, funga dirisha, usikae kwenye baridi. Lakini siku ya kufunga skuli hutoa doti mpya ya kanga, akajifukiza udi, na mkono wake ukikaa begani kwangu huwa mzito, nami hujua. Kidato cha kwanza nilikuwa wa kwanza, akanisimamia. Cha pili vilevile. Mwaka mzima nikiungojea ule mkono.

Ndipo akaja huyo bibie.

Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliyefariki mtoto angali mchanga. Alilelewa Kojani na bibi yake mzaa baba, na bibi alipoondoka duniani hapakuwa na wa kukaa naye. Baba yake mvuvi, mtu wa dago, wale wanaokwenda kupiga kambi pwani za mbali wiki baada ya wiki mpaka bahari iwachoshe. Basi mama akavuka mwenyewe Kojani, akarudi naye, mkoba mmoja wa nguo na Msahafu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mie mwenyeji nilianza kuumwa siku ileile.

Kwanza ule utaratibu wake. Mtu hajaambiwa, keshaosha vyombo. Hata hakujaadhiniwa, keshaamka. Mama akawa na wimbo mmoja mdomoni: mtazame mwenzio. Mtazame mwenzio anavyofagia. Mtazame mwenzio anavyosoma. Nimtazame nini mie, nalala naye kitanda kimoja! Halafu akawa akimwita mama yangu mama mkubwa, kama inavyopasa, na baada ya miezi miwili mitatu hilo "mkubwa" likapotea. Mama, chumvi iko wapi? Mama, nikusaidie? Na mama yangu akiitika, "Abee mwanangu," bila hata kugeuka kutazama nani kaita.

Jioni moja nilimkuta mama amemkalisha bibie katikati ya magoti anamsuka. Mie nilikuwa nikijisuka mwenyewe tangu darasa la sita. Nikamwambia mama, na mie kichwa changu kimefumka. Akanijibu, "Wewe una mikono. Huyu hana mama." Moyoni nikasema, sasa kwa kuwa yeye hana wake ndio na mie nimpe wangu?

Ningeyavumilia yote hayo lau si hesabu. Yule mtoto alikuwa akizila hesabu kama mtu anayetafuna bisi. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipomalizika, kiongozi wa darasa alisaidia kubeba karatasi kupeleka ofisini, na hakuwa mtu wa kuzuia macho wala ulimi wake. Kabla hata ya adhuhuri darasa zima lilijua: mgeni wa kwanza, mie wa pili. Wenzangu wakaja kunipa pole. Mmoja akaniambia, "Yakhe, kikulacho ki nguoni mwako," akacheka. Nilicheka na mie. Ndani nilikuwa nawaka.

Wiki ile ya mwisho skuli yetu haisomeshi tena. Wavulana wanapaka chokaa mawe ya njiani, sisi tunasugua madawati kwa makumbi ya nazi na mchanga, waliopoteza vitabu wanamkimbia mwalimu wa stoo, na upande wa pili kikundi cha kasida kinajifunza mpaka dufu linapasuka. Na kasida walimtoa yeye aongoze, kwa sababu eti ana sauti ya upole. Ebo! Na mie niliyeongoza miaka miwili, sauti yangu ilikuwa ya ugomvi?

Jumatatu alasiri alikuwa huko kwenye mazoezi, mama yuko shamba anachuma karafuu, mie niko nyumbani na simu ya mama, kile kitochi chake. Ikalia. Alikuwa baba mdogo, baba yake bibie. Sauti inakuja inakatika, akaniambia kapanda mlimani kutafuta mtandao.

"Mwanangu, hebu nambie, skuli mnafunga siku gani? Mwenzio alinambia mna ada ya kusimamiwa. Mie toka azaliwe sijapata kumsimamia hata siku moja. Safari hii nataka nije."

Siwezi kusema shetani alinipitia. Shetani naye asingiziwe yake. Nilifikiri vizuri kabisa. Nilimwona baba mdogo akipita kati ya watu na kanzu yake, vigelegele paa linataka kung'oka, na mie wa pili nimesimama pembeni hakuna hata anayenitazama. Skuli ilikuwa ikifunga Jumatano.

"Alhamisi, baba mdogo," nikasema.

"Alhamisi?"

"Alhamisi. Saa tatu asubuhi."

"Alhamisi, inshaallah. Mungu akubariki, mwanangu."

Nikaifuta ile simu kwenye orodha. Bibie aliporudi, kitu cha kwanza alichouliza ni kama baba kapiga. Nikamwambia hajapiga. Usiku akauliza tena, na Jumanne pia. Kila nikimjibu, nilijisikia nimepanda kimo.

Jumatano ikafika. Mabenchi yamepangwa chini ya paa la ukumbi, kina mama kwa kanga zao na mabuibui, wanaume upande wao, mgeni rasmi kachelewa kama kawaida ya wageni rasmi. Kasida ikasomwa, risala ikasomwa, sheha akatoa nasaha ndefu juu ya nidhamu. Mie sikusikia hata neno. Nilikuwa nikimtazama mwenzangu jinsi alivyokuwa akitupia jicho getini. Kila pikipiki ikipita barabarani, shingo inageuka. Nikajisemea, tazama, tazama tu.

Wakafika kidato cha tatu. Wa tatu akaitwa, akasimamiwa na babu yake. Wa pili nikaitwa mie. Nikatoka, na mama akanyanyuka na doti yake mpya, ya buluu na nyeupe, akapita katikati ya watu akaja nyuma yangu. Mkono ukakaa begani. Ulikuwa uleule, na uzito uleule. Wallahi nilikuwa nimeridhika na u-wa-pili wangu.

"Wa kwanza," mwalimu mkuu akasema, akalitaja jina lake.

Akaja mbele taratibu. Akasimama hatua mbili kutoka nilipo mie, akageukia watu, na nyuma yake pakawa patupu. Watu wakaangaliana. Upande wa wanaume hakuna aliyetikisika. Mwalimu mkuu akakohoa. Nilimwona mwenzangu kidevu kinamtetemeka, na mie nikasikia utamu kifuani ambao mpaka leo naona haya kuusema.

Halafu mkono ukaondoka begani kwangu.

Sikufahamu mara moja. Nilidhani mama anatengeneza kanga. Kumbe keshakwenda. Hatua mbili tu, akasimama nyuma ya yule mtoto, na hakuweka mkono mmoja, aliweka yote miwili. Kisha mama yangu, ambaye hata kwenye harusi za ndugu zake huwaachia wengine, akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu. Ukumbi wote ukampokea. Kina mama wengine walikuwa wakifuta machozi kwa ncha za kanga, na mwalimu wa Kiswahili aliinama kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Mie nilibaki pale mbele na madaftari yangu manne, nyuma yangu hakuna mtu. Lau ningesema Jumatano, baba mdogo angekuja, angemsimamia mwanawe, na mkono wa mama ungebaki ulipokuwa. Hilo nililifahamu palepale, nimesimama. Na badala ya kujichukia mwenyewe nilizidi kumchukia yeye.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku moja.

Alhamisi asubuhi tulikuwa uani tumelizunguka jamvi, tunachambua karafuu, mbichi huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ikapigwa hodi. Mama akaitika karibu, na mlangoni akatokea baba mdogo. Kanzu imepigwa pasi mpaka ina mistari, kofia mpya, ndara mkononi kwa sababu ya tope, na mkono wa pili kikapu cha pweza mkavu. Alikuwa katoka skuli. Alikuta geti limefungwa, na mlinzi akamwambia, mzee, hapa hakuna mtu mpaka mwakani.

Mwenzangu aliruka karafuu akamwangukia kifuani, akalia kwa sauti. Mama akanyanyuka.

"Shemeji! Si ilikuwa jana! Mtoto kakungoja mpaka shingo ikampinda. Nani alokwambia leo?"

Nikainamia jamvi. Nilikuwa na konyo mkononi, nikalichambua, nikalichambua, mpaka likawa halina cha kuchambuliwa. Nilihisi macho ya baba mdogo yamenikalia kichwani.

"Hakuna alonambia, shemeji," akasema. "Dagoni siku zote moja. Nimepoteza hesabu mwenyewe."

Ningesema hapo. Mdomo ulifunguka kabisa, na maneno yalikuwa yapo. Lakini nilimtazama yule mtoto alivyojibanza kwenye kanzu ya baba yake, na baba anamfuta uso kwa kiganja chake kilichopasukapasuka kwa nyavu, na nikawaza baba yangu mie yuko Unguja anawakaangia watu mayai. Nikaufunga mdomo.

Baba mdogo akaweka kikapu chini. "Mie sikuvaa kanzu hii bure," akasema, anacheka kidogo. "Tutafanya hapahapa. Mwanangu, nenda kasimame pale ukutani. Mie nakaa hapa, ndiyo benchi langu. Anatakiwa mtu wa kusoma."

Akanigeukia.

"Nisomee wewe. Una sauti nzuri, nilikusikia juzijuzi kwenye simu."

Mikono ya mama ilikuwa ishaanza tena kazi juu ya jamvi. Ikasimama. Sikuthubutu kumtazama usoni, niliitazama ile mikono tu, jinsi ilivyotulia juu ya karafuu, na nikajua kwamba keshajua.

Nikasimama. Nikasema, "Kidato cha tatu. Wa kwanza." Nikalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kama anavyosoma mwalimu mkuu. Baba mdogo akanyanyuka. Akapita pembeni mwa jamvi kwa uangalifu asikanyage karafuu, akapanguza mkono kwenye kanzu, akauweka begani kwa mwanawe, akanyoosha shingo na kutazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Wote wawili walikuwa wakitazamana na mimi. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu tena, palepale, zaidi ya siku zote.

"Na wa pili?" baba mdogo akauliza. "Wa pili hasomwi?"

"Baba mdogo, basi," nikasema.

"Soma, mwanangu. Kila mtu asomwe."

Nikajisoma mwenyewe, jina langu na la baba yangu, kwa sauti ndogo. Nikangoja. Kuku wa jirani alikuwa anaparua kando ya ua. Mama alikuwa amekaa palepale, miguu kainyoosha juu ya jamvi.

"Shemeji," baba mdogo akasema kwa upole, "mtoto kaitwa."

"Nimesikia," mama akajibu, akachota karafuu nyengine akaendelea kuchambua.