Tonge la Mwikwabe

Asubuhi ile paa la Wegesa lilikuwa kimya. Hakuna kilichokwaruza nyasi, hakuna kilichodondosha masizi juu ya mafiga. Kikongwe alilala macho wazi akisikiliza, kama mtu aliyezoea pumzi ya mwenzake kitandani, kisha siku moja asiisikie.

Tangu Operesheni Vijiji iwashushe kutoka kilimani hadi kijiji kipya huku Kenyamonta, nyumba zikipangwa mstari kama gwaride, alikuwa na swali moja tu: mumewe, Mwikwabe, aliyebaki kaburini kule juu, ameijua njia ya kumfuata? Ndiyo maana kila jioni, kabla hajala, alimega tonge la ugali wa wimbi akaliweka kizingitini, kama walivyofanya mama zake. Kila asubuhi tonge lilikuwa limeliwa.

"Amefika," alijisemea, akafagia.

Lakini panya walikitoboa kihenge cha mbegu, na Rhobi, mke wa mwanawe, akachoka. Alifukia chungu cha maji mpaka shingoni, akatandaza makapi ya wimbi juu yake. Panya waliyakanyaga wakidhani ni nchi kavu, wakazama. Matundu yote aliyaziba kwa mavi ya ng'ombe na majivu.

"Leo umelala bila wageni, Mama!" Rhobi alicheka, akikifukua chungu akawamwage panya nyuma ya nyumba.

Wegesa alikuwa ameinama kizingitini. Tonge lilikuwa zima, limepasuka kwa ukavu.

"Hakula."

"Nani?"

"Baba yenu."

Rhobi alifungua kinywa amwambie ni nani waliokuwa wakila siku zote. Akauona uso wa mama mkwe, akakifumba.

Mchana kikongwe hakuonekana. Rhobi alipanda kilima hadi kwenye mahame yao. Magugu yalifika kiunoni, kuta zilikuwa zimeanguka, limebaki jiwe la kizingiti. Wegesa alikuwa ameketi kando ya kaburi, mikono mapajani.

"Mama, twende. Mgambo wakikukuta huku watatusumbua."

"Nimemwekea tonge lake pale kizingitini. Amekula."

"Panya hao, Mama."

"Panya wa nyumbani wakae huku wakila nini, binti yangu? Mawe? Tazama mwenyewe."

Rhobi akatazama. Vumbi lililozunguka jiwe lilikuwa laini kama unga. Hata sisimizi angeacha alama. Palikuwa na nyayo za Wegesa tu, za kwenda na za kurudi. Tonge halikuwepo. Upepo haukuvuma, ila magugu kati ya jiwe na kaburi yaliinama polepole, kisha yakainuka, kama yanavyompisha mtu.

Rhobi hakubembeleza tena. Alishuka peke yake, akavunja chungu, akazibua matundu yote, asije akamzibia mtu njia.

Kila mgambo walipomshusha Wegesa, alipanda tena, mpaka wakachoka wao. Rhobi akawa anampelekea unga.

Sasa amezikwa huko huko kilimani, kushoto kwa mumewe.