Bawabu wa Al Rigga na Nyimbo za Filamu Asiyoijua

Habari ya msiba ilinikuta asubuhi, sijavaa hata viatu. Mmoja wa vijana waliokuwa wakiishi na marehemu chumba kimoja, katika jengo hilihili letu la Al Baraha hapa Dubai, alinigongea mlango akaniambia, "Mzee wetu amekwenda." Nikamuuliza amekwenda wapi, maana nilijua siku ile zamu yake ingeanza mchana. Ndipo nilipoelewa, nikarudi nyuma nikakaa kitini. Moyo ulimsimama usingizini, ndivyo alivyosema daktari. Marehemu alikuwa bawabu wa hoteli moja pale Al Rigga, Mkenya wa Nakuru, mtu wa rika langu. Sitawadanganya wasomaji wangu kwamba tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tulikuwa majirani wa kusalimiana ngazini na kunywa chai pamoja. Lakini tangu aondoke jengo zima limenishinda kukaa, na sioni aibu kulisema.

Dubai, jamani, si mji wa watu wa umri wetu. Watu huja hapa wakiwa vijana, wakachuma, wakarudi kwao, na kila mwaka wanakuja wengine vijana zaidi. Sisi tuliosahaulika nyuma tunabaki kuitwa "mzee" na kila mtu, na ukitoa utani wa zamani inabidi uueleze mpaka unachacha. Kwa bawabu yule sikuwa na haja ya kueleza kitu. Sote tulibalehe miaka ya themanini, enzi za zile filamu za vijana wa Kimarekani: mapenzi ya shuleni, dansi ya kufunga mwaka, na baba mkali asiyeelewa lolote. Nyimbo za filamu hizo zilitufikia kwa kanda na kwa redio. Filamu zenyewe, wengi wetu, tulizisikia tu.

Hoteli yake ilikuwa na desturi, jioni moja kila wiki, ya kupiga nyimbo hizohizo ukumbini. Wageni walikuja na makoti ya mabega mapana na nywele zilizotimuliwa, wengi wao watoto waliozaliwa baada ya nyimbo hizo kuchuja. Yeye alisimama nje kwenye joto na koti lake la vifungo vya dhahabu, na wimbo aliusikia vipandevipande, kila mlango ulipofunguliwa. Basi akabuni ujanja wake. Mgeni akija, humfungulia, humwinamia, humkaribisha kwa Kiswahili na Kiarabu, humuuliza habari za safari, na wakati wote huo mlango uko wazi, mpaka kiitikio kiishe. Wageni walimsifu kuwa ndiye bawabu mwenye adabu kuliko wote mtaani Deira. Meneja, ambaye yeye alimwita "sir" kama wote wanavyowaita mabosi hapa, alikuwa haoni adabu yoyote, anaona ubaridi wa viyoyozi vyake unaishia barabarani. "Yalla, funga mlango!" Bawabu hujibu "Sawa, sir", hufunga, kisha hunikonyeza mimi niliyeketi ng'ambo ya barabara na chai yangu. Nilikuwa nacheka mpaka chai inamwagika.

Siku moja nikamuuliza nyimbo hizo alizipata wapi. Akaniambia kwao ilifika kanda moja tu, aliyoiacha mjomba wao aliyepita akienda zake. Juu yake palikuwa na picha ya mvulana ameketi kwenye boneti ya gari jekundu, na msichana amempa mgongo. Filamu haikuwahi kufika mtaani kwao. Basi yeye na dada yake mkubwa wakaitunga wenyewe. Wimbo wa kwanza, mvulana anafukuzwa shule kwa kufuga nywele. Wa pili, anaazima gari la mchungaji bila ruhusa. Ule wa polepole, msichana anapelekwa shule ya bweni ya mbali na mvulana anakimbilia basi. Kila betri za redio zilipolegea walizianika juani juu ya bati, na wakati wa kuzingoja waliisimulia filamu kwa mdomo, huku dada akimsahihisha. "Hapana, hapo bado hajalia. Analia wimbo ukirudia." Alichokitaka mtu huyu duniani kilikuwa kidogo hivyo: arudi Nakuru, akae na dada yake, waisimulie filamu yao mwanzo mpaka mwisho. Alihofu ameanza kusahau vipande. Kila mwaka alisema mwaka ujao, inshallah.

Mwaka jana vijana wa chumba chake walimtafutia filamu yenyewe kwenye simu, wakitaka kumfurahisha. Nilikuwapo, nimekalia ukingo wa kitanda. Hakukuwa na mchungaji wala bweni. Msichana wa kwenye picha alionekana mara mbili akapotea, na wimbo wao wa kuagana, ule wa basi, ulipigwa wakati watu wanaosha gari. Vijana walicheka, mpaka walipomwona uso. "Khalas, zima," alisema. Akachukua simu yake akampigia dada yake palepale, spika ikiwa wazi, na sote tukasikia.

"Dada, nimeiona!"

"Wewe! Na ni vile tulisema?"

"Ni vile tu tulisema."

"Hata basi?"

"Hata basi. Anakimbia nyuma yake mpaka kiatu kinatoka."

Alipokata simu alilala akageukia ukuta, nasi tukatoka. Sijaona upweke kama ule, na mimi upweke ninaujua, nimekula nao na kulala nao mji huu.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Sasa ulimwengu mzima umeshikwa na homa ya miaka ya themanini. Nyimbo zile utazikuta kwenye maduka, kwenye lifti, hadi migahawa ya kifahari ya Marina ambako sahani moja ina majani matatu. Wanaouza wanadhani tunazipenda kwa sababu ya ala na ile ngoma yenye mwangwi. Wapi! Mimi nikisikia wimbo wa filamu ambayo sikuiona, ninawaona walioketi kando yangu redio ikiimba, na kelele za mama akituambia tupunguze sauti. Kanda zilikuwa haba, ndiyo maana tulizisikiliza tukiwa tumebanana. Leo kila mmoja chumbani ana nyimbo zote za dunia masikioni mwake, na vijana sita wanalala futi chache mbalimbali bila mmoja kujua mwenzake anasikiliza nini.

Baada ya maziko nilimpigia dada yake kumpa pole. Tulipomaliza ya msiba nikadhani ataaga, lakini akaniuliza kama nilikuwapo siku ile ya filamu. Nilitafuta jinsi ya kumlindia marehemu neno lake, na kabla sijapata, yeye akacheka kidogo.

"Usihangaike, ndugu yangu. Watoto wangu walinionyesha hiyo filamu kitambo, kabla hajaiona yeye. Wanaosha gari. Nilimwacha tu asimulie, kwa sababu hiyo ya kiatu hatukuwa tumeisema, aliiongeza siku hiyo. Nikaipenda." Kisha akaniuliza: "Sasa mimi nikisahau mahali, nitamuuliza nani?"

Swali hilo ninatembea nalo mpaka leo. Lakini wewe unayesoma, kama yuko hai mtu hata mmoja anayejua ulivyokuwa ukiwa na miaka kumi na mitano, mpigie leo, umwache aongee mpaka achoke, na akikusahihisha, kubali. Mimi wa kwangu wamekwisha. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi.