Rahabu Aliyetolewa Kwenye Kundi Lake

Rahabu alikuwa amepita miaka arobaini alipoanza kuandika hadithi. Alikuwa mshonaji wa sare za shule karibu na soko la Lushoto, na aliandika kwenye simu, kwa kidole gumba, cherehani ikipumzika. Mumewe enzi za uhai wake alimwambia kutunga ni kazi ya waliosoma. Wenzake wa kwaya walimsikiliza mara moja, wakacheka kidogo, wakarudi kwenye nyimbo zao. Basi akawa anaandika na kufuta.

Siku moja Kristofa, mchora mabango, alimletea suruali ya kutia kiraka, akamwonyesha picha za milima alizochora na kuzificha chini ya kitanda. Rahabu akaona kumbe hayuko peke yake. Akafungua kundi la WhatsApp kwa simu ya Kristofa, akalisimamia yeye, akaliita Wino na Rangi. Walianza watu wachache, wakaongezeka, kutoka Mlalo, Bumbuli, hata Zirai kule Muheza. Mtu akileta shairi au picha, Rahabu hakuiacha ipite bila neno. Mtu akikata tamaa, Rahabu alimpigia simu. Na sheria aliyoiweka ilikuwa moja: kazi inayoletwa humu kuombewa ushauri ni mali ya mwenyewe, haitoki bila ruhusa yake.

Valentino aliingia baadaye. Alikuwa mwalimu wa sekondari hapo Lushoto, kijana wa Tanga mjini, mwenye adabu na sauti nzuri. Alikuwa akipita kibanda cha kushonea baada ya vipindi, anaketi kwenye benchi la wateja, anasoma kwa sauti alichoandika Rahabu na kumwonyesha palipolegea. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumsoma hivyo. Akamfanya msimamizi mwenzake, akamwamini kama mdogo wake wa tumbo moja.

Sasa kulikuwa na Yunis, mkulima wa Mgwashi. Huyu alisoma kazi za wenzake, akapongeza, lakini yake haleti.

"Lete, mdogo wangu," Rahabu alimbembeleza kwenye simu. "Humu ni nyumbani."

Hatimaye akaileta. Ilikuwa hadithi ya mama yake mzazi. Kaka yake Yunis, Silvano, aliteremka Mombo kutafuta kazi, na tangu hapo hajulikani aliko. Kila jioni mama alimtengea ndizi za mshare kwenye sahani, akazifunika, kama zamani Silvano alipochelewa kurudi. Asubuhi akawapa kuku, asiseme neno. Wenzake walimshukuru mmoja mmoja. Kisha Valentino akaandika: "Dada Yunis, usiiguse. Imekamilika."

Miezi ikapita. Siku ya soko, Salama, jirani yake Rahabu anayeuza mboga, alikuja na simu mkononi. "Huyu si yule mwalimu wako? Kashinda shindano la hadithi Dar es Salaam. Jana wamemrusha redioni."

Rahabu alifurahi, akaweka mkasi chini asikilize. Sauti ilikuwa ya Valentino. Mama alikuwa amegeuzwa bibi, Mgwashi ikawa Pangani, ndizi zikawa samaki. Lakini sahani ilifunikwa vilevile, na kuku walilishwa vilevile, bila neno. Akamrudishia Salama simu.

Alimpigia Valentino. Hakukana.

"Dada, ile ilikuwa mbichi. Mimi nimeipika."

"Ulimwambia imekamilika."

"Nilimtia moyo tu. Na wewe mwenyewe ulisema tunajengana. Jina langu likipanda, kundi linapanda."

Rahabu akaandika kundini kilichotokea, bila tusi wala kelele. Alingoja. Alijua watasimama: aliwajua kwa majina ya watoto wao, kwa misiba yao. Aliyejibu wa kwanza alimpongeza Valentino kwa ushindi. Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja alimwandikia pembeni: "Dada, yaache haya. Huyu sasa anajulikana, atatufungulia milango." Kristofa aliusoma ujumbe, alama ilionyesha kwamba ameusoma, akanyamaza. Kabla jua halijazama Valentino alikuwa amemtoa Rahabu kwenye kundi.

Wizi ulimuuma. Kwamba hakuna aliyemtetea Yunis kulimuuma zaidi.

Kesho yake alifunga kibanda, akashika njia ya Soni na Bumbuli hadi Mgwashi. Alimkuta Yunis shambani akipalilia maharage. Yunis alimwona, akaendelea kupalilia.

"Nimekuja kukuomba radhi," Rahabu alisema.

"Dada, mimi sikutaka kuileta. Wewe ndiye uliyesema ni nyumbani."

"Ni mimi."

"Basi nenda kamwambie mama. Mimi nimeshindwa."

Rahabu hakuelewa mpaka alipoingia nyumbani. Mama yake Yunis alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, mchana wa siku ya kazi, na mfuko wake ulikuwa umefungwa tayari. Rahabu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa kwa furaha. Kisha yule mama akamshika mkono, akamweleza kwa Kishambaa kwamba amemsikia kijana redioni akisimulia mambo ya nyumba hii. Mambo ambayo hakumwambia jirani wala mchungaji. Kama anayajua, basi ameambiwa na Silvano, mwenye sahani ile. Basi yu hai. Alichotaka ni kupelekwa kwa huyo kijana, amuulize walionana wapi.

Rahabu alikaa chini. Alieleza taratibu, kwa Kishambaa, hadithi ilivyotoka kwa Yunis, ikapita kwake yeye, ikamfikia yule mwalimu. Kwamba mwalimu hajapata kumwona Silvano. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena, kama mtu asiyesikia vizuri. Rahabu akarudia. Ndipo mama akainuka, akaingia chumbani na mfuko wake, akafunga mlango.

Yunis alimsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi. Hadi leo hajaandika kitu kingine, na Rahabu hakumwomba tena.

Waandaaji wa shindano walijibu malalamiko ya Rahabu kwamba hadithi hazifanani vya kutosha. Kristofa alikuja baadaye kusema amejitoa kundini, kwamba alishindwa tu aseme nini siku ile. Rahabu alimpisha kwenye benchi, lakini hakumwuliza anachora nini siku hizi.

Mwezi uliopita Valentino mwenyewe alisimama mlangoni, shati limepigwa pasi, wateja wawili wakingoja sare.

"Shikamoo, dada Rahabu."

Wateja wakageuka kumtazama mshonaji, maana salamu ile haiachwi hewani kwa mtu mzima. Rahabu aliinamisha kichwa, akapitisha uzi kwenye sindano, akakanyaga cherehani. Valentino alisimama kidogo akiingoja marahaba yake, kisha akaenda zake.