Mama Mkwe Juu ya Mnara

Bonaventura namfahamu tangu tukichunga mbuzi pamoja, kwa hiyo mkiniona nacheka msidhani namdharau. Hii habari kanipa mwenyewe. Ni mtu mwema, analima maharage yake, anaamkia wazee vizuri, na huu ni mwaka wake wa sita kulinda ule mnara wa kutazamia msitu, kilimani huku kwetu Mbulu. Mnara ni wa chuma, ngazi sitini na mbili. Bonaventura alikuwa hajawahi kuvuka ya saba.

Anaogopa, basi. Akifika ya saba magoti yanaanza mazungumzo yao yenyewe. Wageni hawakujua, maana yeye hubaki chini akiwaelekeza kwa kidole: "Mkifika juu, kushoto mtaona ziwa kubwa, kulia ziwa dogo, mbele ni msitu mtupu." Hayo alisimuliwa na mafundi waliojenga.

Hata mkewe, Scolastica, hakujua. Na aliyefichwa zaidi ni mama yake Scolastica, Bi Marieta, mfugaji wa Getanuwas. Mama huyu alimkataa Bonaventura miaka miwili kwa sababu siku ya kujitambulisha alikimbia ndama. "Mwanangu haolewi na mtu anayekimbia kitu kinachonyonya," alisema. Kazi ya mnara ndiyo iliyomlainisha. Mtu anayeshinda juu ya miti, akaona, hawezi kuwa mwoga.

Agosti iliyopita akaja kumtembelea mkwewe kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Haya, nipandishe nikaone."

Jasho likamtoka Bonaventura, na baridi yote ile. "Mama, hapo pana shida. Nikitangulia, nyayo zangu zitakuwa juu ya kichwa chako. Nikifuata nyuma, nitakuwa chini, na wewe umevaa gauni. Kwa mkwe haifai."

Bi Marieta akamtazama. "Kumbe ulilelewa!" Akakaza kanga kiunoni, akapanda peke yake, haraka kama anayefuata ng'ombe walioingia shamba la mtu.

Bonaventura alikuwa bado anajipongeza aliposikia sauti juu.

"Bona!"

"Naam mama! Umeliona ziwa kubwa hapo kushoto?"

"Kushoto hakuna ziwa. Na mimi sishuki. Nimetazama chini, miguu imekataa. Njoo unitoe!"

Akaangalia kama kuna mtu mwingine wa kutuma. Palikuwa na tumbili wawili tu. Akafikiria kukimbia, akamkumbuka yule ndama. Akapanda.

Kwenye ya saba magoti yakaanza. Ya nane akaikanyaga amefumba macho, na kuanzia hapo kila ngazi Salamu Maria moja, mpaka akaishiwa pumzi na kubaki na Amina peke yake. Juu alifika kwa kutambaa.

Bi Marieta alikuwa ameketi, amekumbatia nguzo. "Mbona unatambaa?"

"Nakagua mbao, mama."

"Bona, wewe hujawahi kufika hapa."

Akaacha kukagua. Kisha akasema, "Sijawahi, mama."

Akafumbua jicho moja. Ziwa kubwa lilikuwa kulia, linang'aa kama bati jipya. Dogo lilikuwa nyuma kabisa. Kushoto ni miti, miti, miti.

"Miaka mitano nimewadanganya watu," akasema.

"Ni pazuri lakini," Bi Marieta akajibu, bado ameng'ang'ania nguzo.

"Pazuri sana. Tushuke."

Ilibidi yeye atangulie chini, amwelekeze. "Mguu wa kulia, mama. Sasa wa kushoto."

"Usitazame juu, wewe!"

"Sitazami kokote mama, nimefumba macho."

"Hata mimi."

Wakashuka hivyo hivyo, vipofu wawili, ngazi baada ya ngazi. Chini wakamkuta Scolastica amewasili na chupa ya chai. Akauliza, "Mama, vipi huko juu?"

Bi Marieta akajipangusa vumbi taratibu. "Mwanangu, umepata mume mwenye heshima. Kanishusha ngazi zote zile, na hakunitazama hata mara moja."

Siku hizi Bonaventura huwaambia wageni kwamba ziwa kubwa liko kulia. Wakimuuliza ana hakika gani, anawajibu kwamba ameliona kwa jicho lake. Ni moja tu, kweli, lakini ameliona.